Sifuri ya Geji

Kiboriloni, saa moja asubuhi.
Kompresa imekohoa mara tatu ndipo ikawaka.
Elifuraha kaleta Probox ya ndizi,
imelalia kulia kama mtu mwenye jino bovu.

"Weka kilo mbili," anasema.
Juzi mwenye Noah alisema, "Weka thelathini na mbili."
Na karatasi iliyobandikwa mlangoni, ya Kijapani,
ambayo hakuna wa kuisoma Kiboriloni nzima,
inasema 220, kisha herufi tatu, basi.

Upepo ni uleule.
Ni majina tu, kama Mzee Mrindoko:
nyumbani Baba Aikande,
kanisani Mwinjilisti,
kwangu mimi, Deni.

Nimeandika ukutani kwa chaki, chini ya bei ya kiraka:
mia mbili ishirini gawa kwa mia,
baa mbili nukta mbili. Baa, siyo ile ya bia.
Zidisha kwa kumi na nne na nusu,
thelathini na mbili kasoro chembe,
chembe ambayo itavuja yenyewe kabla ya Himo.
Kilo ya Elifuraha ni baa iliyopunjwa kidogo,
kilo ya sokoni,
yenye kidole cha muuzaji kwenye mizani.

Haya nayajua.
Lakini jana nilikuwa Mawenzi, kwenye benchi, na mama.
Nesi alimfunga kitambaa cheusi mkononi
akakijaza kwa kubinya kipira
(pampu, nikasema moyoni, hii pampu),
akaachia polepole, akisikiliza
kama mimi ninavyosikiliza valvu kwa mate.
"Mia na sabini kwa mia na tano."
Hakusema mia na sabini za nini.
Mama akaitikia, "Ahaa,"
kama aliyetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Nikauliza. Nesi akaitazama overoli yangu.
"Milimita. Za zebaki."
Mama akashtuka: "Nina zebaki mwilini?"
"Hapana, mama. Ni urefu tu.
Moyo wako ukisukuma, zebaki ingepanda mpaka hapa."
Akaonyesha kwa kiganja, juu ya meza.
Shibiri haikutimia.

Njia nzima nilihesabu.
Milimita hamsini na mbili, kasoro, ndiyo paundi moja.
Basi mia na sabini ni paundi tatu na robo.
Sehemu ya kumi ya tairi la Probox!
Tairi likinijia na paundi tatu nasema limekufa,
baiskeli ya mtoto haisogei kwa paundi tatu,
na hizo ndizo zinazotosha kumwangusha Ndeanasia,
aliyepanda kutoka Msaranga
mimi mgongoni, mkungu kichwani.

Leo nimefungua valvu, upepo wote umetoka.
Geji imelala kwenye sifuri.
Kijana wangu anauliza, "Hamna kitu?"

Kitu kipo.
Humo ndani imebaki hewa ya Moshi,
paundi kumi na tatu na ushee,
ileile iliyotukalia mabegani tangu tuzaliwe.
Geji haiihesabu,
wala kitambaa cha nesi hakiihesabu.
Vyote vinaanzia pale ambapo kila mtu amekwisha kubeba,
vinasoma kilichozidi.
Mpwa wangu Ombeni, mpagazi, anasema
kule kileleni mzigo wa hewa ni nusu,
na hakuna mzigo unaochosha kama huo uliopungua.

Nikachukua chaki.
Chini ya mahesabu ya baa na kilo nikaandika 170,
na pembeni yake: chumvi, hapana. Kidonge, saa mbili usiku.

Elifuraha akasoma.
"Mia na sabini? Gari gani hiyo?"

"Si gari."

Nikamjazia kilo zake mbili,
nikamwongezea nukta mbili, bila kudai.